Mshale Mwekundu wa Ukurasa wa Kumi na Moja

Mwezi huu mezani kwangu kuna barua tatu, na zote zinahusu vitamini D na ini. Sikupanga iwe hivyo. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu wengi wenu mmeanza kupima vinasaba kwa mate, kisha mnaletewa karatasi ambazo hata sisi madaktari tunazisoma mara mbili.

SWALI

Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yetu alifariki mwaka juzi kwa saratani ya ini. Tangu aanze kulalamikia maumivu ya ubavu wa kulia mpaka tunamzika haikutimia miezi minne. Pombe hakuigusa maisha yake yote. Baada ya msiba mdogo wangu wa kiume alitushawishi tupime vinasaba kwa kampuni inayotuma kichupa, unatema mate, unakirudisha kwa posta. Majibu yangu yana kurasa kumi na nane. Ukurasa wa kumi na moja una mshale mwekundu, na pembeni yake pameandikwa: "VDR FokI: ff. Uwezo mdogo wa kutumia vitamini D. Hatari ya saratani ya ini: juu ya wastani." Chini kuna tangazo la kapsuli za vitamini D za kampuni hiyohiyo, yuniti 10,000 kwa siku. Huu ni mwezi wa nne nazimeza. Mdogo wangu yeye ametoka FF, anatembea kama mfungwa aliyepata msamaha. Naomba kujua: jeni hii ndiyo iliyomuua baba? Kapsuli zinanikinga? Na wanangu wawili niwapime?
Mtoto wa Tatu

JIBU

Marahaba mwanangu, na poleni nyote watano. Miezi minne ni muda mfupi wa kumuuguza mzazi. Wagonjwa wangu wengi wa saratani ya ini huja hivyohivyo, ini likiwa limenyamaza miaka na miaka, na siku linapolalamika mambo yameshafika mbali.

Nianze na kapsuli, maana hizo unazimeza huku unanisoma. Ziache leo. Vitamini D huyeyuka kwenye mafuta, haitoki na mkojo kwa urahisi kama vitamini C. Ukiizidisha inajilimbikiza mwilini. Mtu mzima anahitaji yuniti kama 600 kwa siku, 800 akipita miaka 70, na kiwango cha juu walichoweka wataalamu wa Marekani kwa mtu anayejinywea bila kusimamiwa na daktari ni 4,000. Wewe uko mara mbili na nusu ya hapo. Sisemi umeshaumia, wapo wanaomeza kiasi hicho kwa miezi na wasidhurike. Lakini vitamini hii ikipita kiasi, utumbo hufyonza kalsiamu kuliko inavyotakiwa, na kalsiamu ikijaa kwenye damu mtu hupata kiu isiyokatika, kukojoa kila saa, choo kigumu, kichefuchefu, na figo kutengeneza mawe. Mwombe daktari akupime kalsiamu, figo, na kiwango cha vitamini D chenyewe. Damu ya sindano moja inatosha kwa vyote vitatu.

Sasa hiyo jeni. VDR iko kwenye kromosomu ya 12, na kazi yake ni kubeba maelekezo ya kutengeneza kipokezi cha vitamini D. Kipokezi ni protini inayokaa ndani ya seli ikimngoja mgeni. Vitamini ikifika, kipokezi kinaishika, kinaungana na protini nyingine, kisha kwa pamoja vinashikamana na vinasaba na kuwasha au kuzima jeni nyingine nyingi. Miongoni mwa hizo zimo zinazozuia seli kugawanyika ovyo. Ndiyo maana watafiti wa saratani wameing'ang'ania VDR kwa miaka zaidi ya ishirini. Kwa wazo tu, inavutia.

FokI ni mahali pamoja mwanzoni kabisa mwa maelekezo hayo. Seli inaposoma maelekezo ya protini huanzia kwenye neno la herufi tatu, ATG, ambalo maana yake ni "anzia hapa". Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii: zako zote mbili ni f, za mdogo wako zote mbili ni F. Wenye aina f wanalo neno hilo mahali pa kwanza. Kwa wenye F herufi moja imegeuka, T imekuwa C, neno limevurugika, basi seli inapita na kuanzia kwenye ATG inayofuata, herufi tisa mbele. Protini ya f inatoka na asidi amino 427, ndiyo matofali yanayoijenga, ya F inatoka na 424. Tatu tu zimepungua. Na kwenye seli za maabara, ile fupi huonekana kufanya kazi kwa nguvu kidogo zaidi kuliko ndefu. Yale maneno "uwezo mdogo wa kutumia vitamini D" yametoka hapo: tofauti ndogo iliyopimwa ndani ya vyombo vya maabara, ikapakwa rangi nyekundu na kuwekewa mshale.

Ukiendelea kupekua kurasa hizo huenda ukakutana na majina mengine matatu: BsmI, ApaI na TaqI. Hayo yako upande wa mwisho wa jeni hiyohiyo, na hayabadilishi hata asidi amino moja ya protini. Hutumika zaidi kama alama za njiani. Mtafiti akikuta alama inaambatana na ugonjwa, hushuku kwamba kuna kitu jirani yake kinachofanya kazi.

Je, kuna tafiti zilizokuta uhusiano na saratani ya ini? Zipo, na sitaki uniambie nilikuficha. Mwaka 2010 watafiti wa Italia waliwachunguza wagonjwa wenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, waliokuwa wanasubiri kupandikizwa ini jipya. Walikuta mchanganyiko fulani wa BsmI, ApaI na TaqI ukijitokeza zaidi kwa wenye saratani, hasa wale ambao sirosisi yao ilitokana na pombe. China, kwa watu wenye homa ya ini B, iliyoonekana ni FokI. Mwaka 2013 watafiti wa Ulaya walitazama watu zaidi ya 1,000 wenye homa ya ini C. Hao waliiacha VDR wakaangalia jeni nyingine tatu zinazoamua kiwango cha vitamini D kwenye damu: DHCR7, inayogusa malighafi iliyoko kwenye ngozi, CYP2R1, inayotengeneza kimeng'enya cha ini, na GC, inayotengeneza protini ya kuibeba vitamini kwenye damu. Aina zinazoshusha vitamini zilionekana zaidi kwa waliopata saratani.

Rudia kusoma aya hiyo polepole uniambie hao watu walikuwa nani. Wenye sirosisi. Wenye homa ya ini B. Wenye homa ya ini C. Watafiti walichouliza ni hiki: kati ya watu ambao ini lao tayari linaumwa, nani atavuka kwenda kwenye saratani? Hawakumchukua mwanamke wa miaka 34 mwenye ini zima wakamwambia yuko hatarini. Kampuni yako imeuchukua mshale kutoka kwa kundi moja ikauchoma kwenye karatasi ya mtu wa kundi jingine. Na tena alama inayong'ara Italia siyo iliyong'ara China. Jeni yenye nguvu ya kweli haina tabia ya kujificha nchi hii na kujitokeza nchi ile.

Utauliza kwa nini basi wahangaike na jeni badala ya kupima vitamini yenyewe. Hapa pananoga, nivumilie. Vitamini D ya kwenye ngozi au ya kwenye chakula ikiingia mwilini haijawa tayari. Kituo chake cha kwanza ni ini. Humo hugeuzwa kuwa umbo ambalo maabara hulipima. Kisha figo hulimalizia kuwa umbo lenye nguvu. Sasa kama ini ndilo kiwanda, ini likiugua kiwango kitashuka. Utakuta wagonjwa wa saratani ya ini wana vitamini D ndogo, useme "ona, upungufu umeleta saratani", kumbe ugonjwa wa ini ndio ulioleta upungufu. Mkokoteni umewekwa mbele ya punda.

Kuna utafiti mmoja mkubwa wa Ulaya uliojaribu kulikwepa shimo hilo. Ulikuwa na watu zaidi ya 500,000 katika nchi 10, damu ikatolewa na kuhifadhiwa miaka mingi kabla mtu hajaugua. Mwaka 2014 matokeo yalipotoka, watu 138 walikuwa wamepata saratani ya ini. Waliokuwa na vitamini nyingi tangu mwanzo walikuwa na karibu nusu ya hatari ya waliokuwa na kidogo. Matokeo mazuri, na mimi yalinifurahisha. Ila mwenye vitamini nyingi mara nyingi ni mtu anayetembea nje, asiye mnene kupita kiasi, asiye na kisukari, na hivyo vyote vinalilinda ini vyenyewe.

Jeni haina mashaka hayo. Mimba inapotungwa, kila mzazi anatoa nakala moja kwa bahati, kama kurusha sarafu. Kunenepa hakuibadilishi, kuugua hakuibadilishi, umri hauibadilishi. Kwa hiyo ukilinganisha waliozaliwa na aina zinazoshusha vitamini na waliozaliwa na zinazopandisha, ni kama maumbile yenyewe yamekufanyia jaribio. Njia hiyo imepewa jina la Mendel, yule mtawa wa mbegu za njegere. Mwaka 2017 watafiti waliitumia kwa saratani saba, zikiwemo za matiti, tezi dume, mapafu na utumbo mpana. Hawakupata ushahidi wa maana kwamba vitamini D ndogo inasababisha yoyote kati yake. Ini halikuwemo kwenye orodha hiyo, lakini hesabu za namna hiyo zimenifanya nipunguze shauku.

Kipimo kigumu kuliko vyote ni kuwapa watu vidonge na kusubiri. Hilo lilifanyika Marekani kwa watu 25,871: nusu yuniti 2,000 za vitamini D kila siku, nusu vidonge visivyo na kitu, kwa muda wa miaka mitano na ushei. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018. Kwenye kundi la vitamini walipata saratani za aina zote watu 793. Kwenye kundi jingine 824. Kwa hesabu za takwimu tofauti hiyo ni ya kubahatisha. Hivyo swali lako la pili nimelijibu: hapana, hazikukingi, wala hazitakukinga ukiongeza dozi.

Swali lako la kwanza, kama jeni hii ndiyo iliyomuua baba, nalijibu kwa namba moja ya zamani ambayo kila daktari wa ini analala nayo. Mwaka 1981 R. Palmer Beasley na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanaume 22,707 wa Taiwan. Kati yao 3,454 walikuwa na virusi vya homa ya ini B kwenye damu. Kwa muda wa ufuatiliaji wanaume 41 walikufa kwa saratani ya ini. Unajua wangapi kati ya hao 41 walikuwa na virusi? Arobaini. Hatari ya mwenye virusi ilikuwa mara 223 ya asiye navyo. Ukiziweka tafiti za VDR kando yake, hata zile zilizokuta uhusiano, mara nyingi zinazungumzia hatari isiyofika mara mbili, au inayozidi hapo kidogo. Ripoti yako imesema "juu ya wastani" na ikakaa kimya. Haikusema juu kwa kiasi gani. Nadhani unaelewa kwa nini.

Kwa hiyo mwanangu, kwenye barua yako nzima nimetafuta sentensi moja sikuiona: baba alikuwa na virusi au hakuwa navyo? Umeniambia hakunywa, na hilo linaondoa sababu moja tu. Zinabaki homa ya ini B, homa ya ini C, ini lenye mafuta linaloambatana na unene na kisukari, na sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Sumukuvu ina tabia mbaya ya kushirikiana na virusi B. Mtu mwenye vyote viwili hatari yake inaruka juu kuliko ukizijumlisha moja moja. Tafuteni karatasi za hospitali za marehemu. Angalieni kama pameandikwa HBsAg, yaani kipimo cha virusi B, na mbele yake pana nini.

Hata msipozipata, nendeni mkapime. Nyote watano, na mama pia. Huyo mdogo wako mwenye FF awe wa kwanza kwenye foleni, kwa sababu msamaha aliopewa haukutoka kwa hakimu. Virusi B hupita kwa damu na majimaji ya mwili: kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa, kati ya watoto wadogo wanaokua pamoja, kwa wembe mmoja, kwa kujamiiana. Mtoto mchanga akivipata, uwezekano wa kubaki navyo maisha yake yote ni karibu asilimia 90. Mtu mzima akivipata, ni chini ya asilimia 5. Ndiyo sababu nyumba moja inaweza kuwa na wagonjwa watatu wa ini vizazi viwili mfululizo, watu wakasema ni laana ya ukoo au, siku hizi, ni jeni.

Ombeni vipimo vitatu: HBsAg, kingamwili za HBs, na kingamwili za HBc. Cha kwanza kinasema kama unavyo sasa, cha pili kama una kinga, cha tatu kama uliwahi kukutana navyo. Ongezeni cha homa ya ini C. Usipokuwa na virusi B wala kinga, unachanjwa na unaendelea na maisha. Ukikutwa navyo usilie njiani kurudi nyumbani. Utapimwa wingi wa virusi na hali ya ini, na ikibidi utapewa kidonge cha kila siku, tenofoviri au entekaviri, kinachovinyamazisha na kupunguza hatari ya saratani. Kulingana na hali yako unaweza pia kutakiwa kufanya altrasaundi ya ini kila miezi sita. Virusi B vinaweza kuleta saratani hata kabla ini halijawa na makovu, kwa kuwa vinajichomeka ndani ya vinasaba vya seli zenyewe. Kwa hiyo usikubali kuambiwa "ini lako zuri, rudi ukiumwa". Homa ya ini C nayo siku hizi inapona: vidonge vya wiki 8 hadi 12, na wanaopona ni zaidi ya asilimia 95.

Wanao usiwapime FokI. Angalia kadi zao za kliniki kama chanjo ya homa ya ini B imekamilika. Taiwan ileile ya Beasley ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984, na ndani ya miaka michache saratani ya ini kwa watoto ilianza kushuka. Hakuna kapsuli ya kitu chochote yenye rekodi ya namna hiyo.

Neno la pembeni, kwa haki ya jeni: zipo zenye uzito kwenye ini. PNPLA3, iliyogunduliwa kuhusika mwaka 2008, ina aina inayoongeza mafuta kwenye ini, makovu, na hatari ya saratani, na imejirudia utafiti baada ya utafiti, nchi baada ya nchi. Ona kama imetajwa kwenye kurasa zako kumi na nane. Kama haimo, hilo nalo ni jibu kuhusu kampuni.

SWALI

Daktari, nina miaka 58, nina sirosisi iliyotokana na homa ya ini C. Virusi nilitibiwa vikaisha. Majuzi nimepimwa vitamini D nikaambiwa ni nanogramu 11, iko chini sana. Daktari wangu kaniandikia vidonge. Jirani yangu amesikia kwamba vitamini D inazuia saratani ya ini, kwa hiyo ananiambia nikishameza sina haja ya kwenda altrasaundi kila nusu mwaka. Nimechoka na zile foleni. Anasema kweli?
Mzee wa Foleni

JIBU

Hapana, mzee wangu. Vidonge meza kama ulivyoandikiwa. Nanogramu 11 ni kidogo kweli, na mifupa na misuli yako inavihitaji. Ini lenye makovu linapunguza kila hatua: linageuza vitamini kidogo, na linatengeneza kidogo ile protini inayoibeba kwenye damu. Kwa hiyo sehemu ya upungufu unaouona kwenye karatasi ni upungufu wa gari, siyo wa abiria peke yake. Daktari wako anajua, ndiyo maana atakupima tena baadaye.

Altrasaundi ni habari nyingine kabisa. Kuondoka kwa virusi kumepunguza hatari yako, hakukuiondoa, kwa kuwa makovu yamebaki. Miezi sita ilichaguliwa kwa sababu uvimbe mwingi wa ini huchukua miezi kadhaa kuongezeka maradufu. Ukikutwa una sentimita mbili unaweza kukatwa au kuchomwa kwa sindano, ukikutwa una kumi mazungumzo yanakuwa mengine. Foleni naijua. Nenda na gazeti. Jirani mwambie nimemsalimu.

SWALI

Daktari, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa maabara. Mwezi uliopita uliandika kwamba vitamini D "hulinda seli za ini kupitia kipokezi chake". Mwalimu wetu anasema seli za ini karibu hazina kipokezi hicho. Nani amwamini nani? Na swali la pembeni: FokI ni jina la mtu?
Mwenye Koti Jeupe

JIBU

Mwamini mwalimu wako. Niliandika kwa haraka na nimekosea. Seli zenyewe za ini, zile zinazofanya kazi kubwa na ambazo saratani hii huanzia, zina kipokezi kidogo mno. Kinapatikana kwa wingi kwenye majirani zao, hasa seli zenye umbo la nyota zinazohifadhi vitamini A. Hizo ndizo zinazotengeneza makovu ini likijeruhiwa. Mwaka 2013 maabara ya Ronald Evans huko California ilionyesha kwamba kwa panya, dawa inayofanana na vitamini D ikikishika kipokezi kwenye seli hizo, zinatulia na makovu yanapungua. Panya walionyimwa kipokezi hicho walipata makovu wenyewe. Basi kama VDR ina mkono kwenye saratani ya ini, njia inayoeleweka zaidi kwangu ni hiyo ya kupitia makovu, na ingeeleza kwa nini tafiti zinaikuta kwa wagonjwa wa sirosisi. Lakini panya ni panya. Asante kwa kunisahihisha, na mpe mwalimu gazeti asome.

FokI si mtu. Ni kimeng'enya kinachokata vinasaba mahali penye mpangilio fulani wa herufi, na jina lake limetokana na bakteria aliyekitoa, Flavobacterium okeanokoites. Herufi za mwanzo, basi. TaqI ni ya Thermus aquaticus, yule bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone ambaye pia ndiye aliyetupa kimeng'enya cha PCR, ile njia ya kunakili vinasaba, unachokitumia kila siku. Zamani, kabla mashine hazijawa za kusoma herufi moja moja, tulikuwa tunanakili kipande cha jeni, tunamwaga kimeng'enya, tunakipitisha kwenye jeli inayotenganisha vipande virefu na vifupi. Kipande cha VDR kikikatika ni f, kisipokatika ni F, na ukiona mistari yote miwili mtu ni Ff. Ndiyo maana aina hizi za jeni zinaitwa kwa majina ya makasi yaliyozikata.

Nilijifunza kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990, na kwa kuwa damu ya wagonjwa ilikuwa ya kuhesabu, kila mwanafunzi alianzia na yake. Niliwasha taa ya urujuani nikainama juu ya jeli. Kwenye mstari wangu hapakuwa na kipande kirefu hata kimoja. Vyote vilikuwa vimekatika. Mimi ni ff, Mtoto wa Tatu, kama wewe. Picha ya jeli ile sijui niliiacha kabati gani. Wiki hiyohiyo nilipima HBsAg, nikakutwa sina, nikachanjwa dozi tatu, na kadi ya chanjo ninayo kwenye droo hii ninayoandikia.